Mama hakuniita hivyo



Dominika ya leo naomba tutafakari habari ya ulimi, hasa ulimi tunaoutumia tunapowataja ndugu zetu Waislamu. Nitaanza na ulimi wangu mwenyewe, maana si haki padri kuwanyoshea waamini kidole kabla hajajinyoshea yeye.

Ilikuwa miaka mingi iliyopita, nikiwa padri kijana, upadrisho wangu haujatimiza miaka mitano. Nilikuwa nahudumia vigango vya ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Liuli, wakati ule kote kukiitwa Mbinga kabla Wilaya ya Nyasa haijamegwa. Wanaoufahamu ufukwe ule wanajua kwamba Liuli ni nyumbani kwa ndugu zetu Waanglikana. Sisi Wakatoliki tupo kwa kiasi chetu, na Waislamu wapo pia, wavuvi na wafanyabiashara, wengine wamehamia na wengine ni wazaliwa wa pale pale, wenye babu mmoja na sisi.

Alifariki bibi mmoja, mwanajumuiya hodari, mtu wa Rozari na wa kufagia kanisa. Alikuwa na watoto kadhaa, na mmoja wao alikuwa amesilimu alipooa huko Songea. Jambo hilo nililisikia juu juu tu. Nikapanda kutoa homilia ya mazishi nikiwa na moto wa ujana na elimu ya seminari kichwani. Nikasema marehemu amekufa na kidonda kimoja moyoni, nacho ni mwana aliyepotea, aliyeuza ubatizo wake kwa ajili ya mwanamke. Nikawaomba waamini wamwombee arudi kabla giza halijammeza. Watu wakaitikia amina. Nikashuka nikijiona nimehubiri.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba yule mwana alikuwa nje, chini ya mwembe, na kipaza sauti chetu kilikuwa kimeelekezwa huko huko. Hakuingia kanisani kwa kutojua kama angekaribishwa. Ni yeye aliyekodi gari la kumleta mama yake kutoka hospitali. Ni yeye aliyenunua mbao za jeneza, na sukari na unga kwa ajili ya waliolala msibani. Makaburini alishika jembe kama wana wengine, akafukia mpaka mwisho.

Tuliporudi nyumbani kwa marehemu, yeye ndiye aliyekuja kuninawisha mikono. Akamimina maji taratibu, akasema: “Pole na kazi, Padri. Nashukuru umemzika mama vizuri. Neno moja tu. Mama hakuniita hivyo.” Akanipa taulo, akaenda kumnawisha mgeni aliyefuata.

Sikumbuki nilikula nini siku ile. Nakumbuka katekista, mzee wa makamo, alipokuwa ananisindikiza aliniambia yale ambayo ningepaswa kuyauliza kabla ya Misa. Kwamba yule mwana alipokuja kumsalimu mama yake katika mwezi wa Ramadhani, bibi aliamka usiku kumpikia daku. Kwamba kila Krismasi mwana alimletea mama mchele na kitenge, ili aende Misa akiwa nadhifu. Kwamba bibi alisikitika, ndiyo, mwanawe alipobadili dini, na alimwombea kila siku. Lakini jina alilomwita halikuwa “aliyepotea”. Alimwita mwanangu.

Siku ya tatu, wakati wa kumaliza matanga, nilirudi. Nikamvuta yule ndugu nyuma ya nyumba, nikamwomba radhi. Akanijibu, “Yamekwisha, Padri.” Nikaona mzigo umeniondoka. Lakini njiani katekista akaniuliza kwa upole, kama mzee anavyomwuliza mtoto wake: “Baba, ulisema kwa kipaza sauti. Radhi umeomba kwa kunong’ona?” Sikuwa na jibu. Mwezi uliofuata, zamu ya kigango ile ilipofika tena, nilisimama mahali pale pale, nikakiri mbele ya waamini kwamba niliyoyasema juu ya mtoto wa marehemu hayakuwa haki. Yeye hakuwepo, alikuwa amesharudi Songea. Dada yake alikuwa amekaa benchi la mbele. Alilia.

Wazee wetu walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kikijikwaa kinauma wewe peke yako. Ulimi ukijikwaa anaumia asiyehusika.

Nimeisimulia habari hii kwa sababu naona katika siku zetu maneno ya namna ile yamekuwa mepesi mno midomoni mwetu. Nawasikia waamini wangu, watu wema wanaopokea Ekaristi, wakiwataja Waislamu kwa jina la viatu wanavyovaa, “kobazi”. Nayaona katika simu vichekesho juu ya Mtume Muhammad ambavyo mtu asingethubutu kuvisoma kwa sauti mbele ya jirani yake. Katika mwezi wa Ramadhani hukosi kumsikia Mkristo akisema wale hawafungi, wanahamisha tu saa ya kula. Na kwa upande wa pili Wakristo tunaitwa makafiri, na tunaitwa Wagalatia, kwa kuwa Mtakatifu Paulo aliwakemea Wagalatia kwa kukosa akili, basi jina limekuwa dongo. Kwaresima ikifika tunaambiwa mfungo gani huu wenye chai ya asubuhi. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia Machi 5, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza. Watu wa dini mbili walikuwa wanafunga pamoja mbele ya Mungu. Ingekuwa nafasi ya kutiana moyo, lakini wengi waliitumia kupimana njaa.

Mtu atasema, Baba, huo ni utani tu, Watanzania tumezoea kutaniana. Ni kweli, utani ni mali yetu. Mngoni na Mnyamwezi wanaweza kuambiana lolote hata msibani, na ndugu wakacheka. Lakini utani una sharti moja: mtaniwa yupo, anasikia, na ana haki ya kujibu. Neno linalosemwa akiwa hayupo, likakoma ghafla akiingia mlangoni, halijawahi kuwa utani. Hilo lina jina lake katika katekisimu, na tunaliungama.

Tusidhani haya ni mambo madogo. Oktoba 2012, kule Mbagala jijini Dar es Salaam, watoto wawili walibishana juu ya Kurani, mmoja akaikojolea. Yalikuwa mabishano ya watoto, ya kumalizwa na wazazi wawili kwenye kizingiti cha nyumba. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kujaa vifuani mwa watu wazima, na makanisa kadhaa yakashambuliwa na kuchomwa. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani achinje nyama ya kuuzwa ulimwua mchungaji. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya tatu ya barua yake, anaufananisha ulimi na moto mdogo unaoteketeza msitu mkubwa. Watu wa Mbinga na Nyasa tunajua moto wa shambani unavyoruka mlima kiangazi. Aliyeuwasha anakuwa wa kwanza kusema hakukusudia.

Sasa nije kwenye swali gumu, maana najua mnaniuliza moyoni: Baba, unataka tufiche imani yetu? Mwislamu anasema Yesu si Mwana wa Mungu. Je, tunyamaze ili tuonekane wastaarabu?

Swali hili lilikwisha kufika mpaka mahakamani katika nchi yetu. Waliokuwa vijana katika miaka ya 1980 na 1990 wanaikumbuka mihadhara ya viwanjani, wahubiri wa Kiislamu wakiwa na Biblia mkononi, na wahubiri wa Kikristo wakiwajibu kwa Kurani, kila upande ukishangiliwa na watu wake kama mpira wa miguu. Katika mazingira hayo Mwislamu mmoja, Hamisi Rajabu Dibagula, alishtakiwa mkoani Morogoro kwa kutamka hadharani kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Mahakama ya wilaya ilimtia hatiani chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kifungu kinachokataza kutamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mtu mwingine, ikamhukumu kifungo cha miezi 18. Waislamu wengi waliumia sana, kwa kuwa kilichoitwa kosa la jinai kilikuwa ni sehemu ya imani yao. Mahakama Kuu ilimwachia huru kwa kuipunguza adhabu, lakini hatia ikabaki. Ndipo Mahakama ya Rufani, mwaka 2003, ikaifuta hatia yenyewe. Kwa kifupi, majaji walisema kwamba mtu kutamka kile ambacho dini yake inafundisha si ushahidi kwamba amekusudia kumwumiza mwingine, na Katiba yetu katika ibara ya 19 inalinda uhuru wa kuamini na kuitangaza imani.

Wapo Wakristo walionung’unika, na sitaficha kwamba mimi nami nilikunja uso. Lakini nilipotafakari nikaona majaji wale walitutetea na sisi. Kila Dominika tunasimama tukisali Nasadiki, tunakiri kwa sauti, mara nyingi kwa kipaza sauti, kwamba Yesu Kristo ni Mwana wa Pekee wa Mungu, Mungu kweli kwa Mungu kweli. Mwislamu anayepita barabarani akiyasikia maneno hayo anasikia kitu ambacho dini yake inakikataa tangu mwanzo hadi mwisho. Kama kuitamka imani ni tusi, basi parokia nzima tungefungwa kabla ya matangazo. Hatuwezi kuomba uhuru wa kukiri kwetu huku tunamwitia polisi mwenzetu anayekiri kwake.

Hata hivyo tusikomee kwenye hukumu ya mahakama. Sheria inaweza kuniambia maneno gani hayatanifunga jela. Haiwezi kuniambia jinsi ya kusema na mtoto aliyefiwa na mama yake. Homilia yangu ya siku ile haikuvunja kifungu chochote, hakuna askari ambaye angekuja kunikamata. Lakini nilitenda dhambi, na ni lazima nieleze dhambi ilikuwa wapi. Ningesema pale kaburini kwamba Kristo amefufuka na kwamba sisi tunamtumaini yeye peke yake, nisingemkosea yule ndugu. Alikuja kwenye mazishi ya Kikristo, alijua atasikia Injili. Ningekuwa nimekiri. Lakini niliposema ameuza ubatizo kwa ajili ya mwanamke, sikukiri kitu chochote. Nilihukumu moyo ambao sikuwahi kuuona, nikamwaibisha mtu ambaye hakuwa na nafasi ya kunijibu, siku ya msiba wake. Hapo ndipo mpaka ulipo, kati ya kuitaja imani yangu na kumdhalilisha mwenzangu.

Maandiko yenyewe yanatufundisha mpaka huo, nami nitatoa mifano miwili ambayo mara nyingi tunaipita haraka.

Wa kwanza uko katika Matendo ya Mitume, sura ya 19. Paulo alikaa Efeso zaidi ya miaka miwili, akihubiri waziwazi katika mji uliokuwa na hekalu kubwa la Artemi. Wafua fedha wakazusha ghasia kwa kuwa biashara ya sanamu ilikuwa inashuka. Mji mzima ukajaa kelele. Nani akawatetea wenzake Paulo? Karani wa mji, mtu ambaye hakuwa Mkristo. Na aliwatetea kwa hoja gani? Aliwaambia watu wake kwamba hawa waliowaleta hawajaiba hekaluni, wala hawajamtukana mungu wetu wa kike. Fikirini, ndugu zangu. Miaka miwili ya kuhubiri Kristo bila kumung’unya maneno, na mpagani anaweza kusimama hadharani kushuhudia kwamba hawakutukana. Je, Mwislamu wa mtaani kwetu angeweza kutushuhudia hivyo? Ukiulizwa msikitini, nani angesimama kusema, “Yule Mkristo namfahamu, anaipenda dini yake, lakini sijasikia akiitukana yangu”?

Wa pili uko katika Injili ya Yohane, sura ya nane. Wapinzani wa Bwana wetu walimtupia matusi mawili kwa mpigo: kwamba ni Msamaria, na kwamba ana pepo. Siku zile Myahudi kumwita mwenzake Msamaria ilikuwa kama leo kumwita mtu kwa jina baya la dini nyingine. Yesu akajibu kwamba hana pepo. La Usamaria hakulijibu kabisa. Hakusema, “Mimi si mmoja wa wale.” Alikataa kulifanya jina la jirani kuwa tusi. Na Luka anatusimulia jinsi yeye huyo huyo alivyomchagua Msamaria awe mfano wa upendo kwa wakati wote.

Kanisa letu limeufuata mwalimu huyo. Oktoba 28, 1965, Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko liitwalo Nostra Aetate, linalosema wazi kwamba Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima, kwa kuwa wanamwabudu Mungu mmoja, wanamheshimu Yesu kama nabii ingawa hawamkiri kuwa Mungu, na wanamheshimu Maria mama yake. Tamko hilo halikufuta neno hata moja katika Nasadiki. Tulilisoma seminarini, nikafanya mtihani, nikafaulu. Kilichonishinda ni kulitumia chini ya mwembe.

Nao Waislamu wana fundisho lao. Shehe mmoja rafiki yangu alinionyesha katika Kurani, sura ya Al-An’am, aya ya 108, mahali ambapo waumini wanakatazwa kuwatukana wale ambao watu wengine wanawaomba badala ya Mungu, wasije nao wakamtukana Mungu kwa kulipiza bila kujua. Nikamwambia, Shehe, aya hii ingebandikwa kwenye kila simu. Akacheka, akaniambia, “Padri, bandika na ya Yakobo.”

Kuna deni jingine ambalo watu wa ufukwe wa Nyasa tunalo kuliko wengine. Injili iliyofika Liuli ililetwa na misheni ya Waanglikana ya UMCA, iliyokuwa na makao yake Zanzibar. Mmisionari wake mkubwa, William Percival Johnson, aliyeutumikia ufukwe wa ziwa lile zaidi ya miaka arobaini, amezikwa Liuli, mwaka 1928. Sisi Wakatoliki tulipata ya kwetu kwa Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898. Lakini lugha tuliyoipokelea, wao na sisi, ilitoka wapi? Askofu Edward Steere wa UMCA, aliyefanya kazi kubwa ya kuandika Kiswahili na kuyatafsiri Maandiko huko Zanzibar, hakuifanya peke yake. Katika kitabu chake cha lugha kilichotoka mwaka 1870 alimshukuru Sheikh Abdulaziz, mwanachuoni wa Kiislamu wa Zanzibar, aliyejitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Sheikh yule hakuwa mtu wa dini vuguvugu. Aliiamini dini yake. Lakini aliona si aibu kumpa jirani maneno mazuri ya kumsifu Mungu.

Angalieni maneno tunayosalia leo. Imani, ibada, sala, dhambi, toba, rehema, baraka, sadaka, malaika, nabii, Injili. Yote yalipita midomoni mwa Waislamu wa pwani kabla hayajafika midomoni mwetu. Ukipiga magoti ukaomba toba na rehema, umeazima maneno kwa jirani. Ni vibaya kuazima kinu cha mtu, ukatwanga, ukala, kisha ukamtukania kinu chake.

Najua pingamizi la mwisho, na ndilo zito. Mtu ananiambia: Baba, mbona wao wanatuita makafiri? Waanze wao kuacha. Simlaumu anayesema hivyo, maana neno lile linauma, nami nimeitwa. Kutaka haki itendeke pande zote si dhambi. Ukiitwa jina baya, una haki ya kumwambia mwenzako waziwazi, kwa utulivu, “Ndugu yangu, jina hilo linaniumiza, naomba usiniite hivyo.” Yule ndugu wa Liuli alinifanyia hivyo hivyo, na ndiyo maana ninaandika leo. Lakini kumngojea mwingine awe mwema ili na mimi niwe mwema, hiyo haimo katika Injili. Yesu hakusema wapendeni adui zenu watakapoanza.

Tena tuna ushahidi kwamba jambo hili linawezekana, na ushahidi uko pale pale Liuli. Nilipokuwa mtoto, sisi watoto wa Kikatoliki tuliwaimbia watoto wa Kianglikana kwamba dini yao ilianzishwa na mfalme aliyetaka mke mwingine. Wao walitujibu kwamba tunaabudu sanamu. Tulirushiana mawe kwa ajili ya mambo ya Uingereza ambayo hakuna aliyeyaelewa. Wazee walikataza vijana wao kuoana. Leo padri na kasisi wanasimama pamoja kaburini, kwaya zinapokezana, na mgonjwa wa Kikatoliki anatibiwa katika hospitali ya Waanglikana bila kujiuliza. Hatujaunganisha imani zetu, tofauti zipo na tunazijua. Tuliacha kwanza majina, na tulipoacha majina tukaanza kusikilizana. Kama hilo limewezekana kati ya wabatizwa, kwa nini lishindikane kwa jirani aliyemlea mama mmoja nasi?

Basi naomba tutoke na mambo matatu Dominika hii.

Kwanza, tumwite mtu kwa jina analojiita mwenyewe. Ni Mwislamu, si mvaa kobazi. Ni Mtume Muhammad kwao, nasi tunaweza kumtaja hivyo kwa adabu, au kusema “Mtume wao”, bila kuwa tumekiri dini yao. Kumtaja kwa heshima mtu anayeheshimiwa na jirani ni adabu ya kawaida ya Kiswahili. Hata baba wa mwenzako ambaye si baba yako humwiti kwa jina tupu.

Pili, tuseme yale tunayoyaamini sisi, tuache kuwasemea wao wanachoamini. Ukitaka kujua Mwislamu anafunga vipi na kwa nini, mwulize. Atafurahi kukueleza, na labda naye atakuuliza juu ya Kwaresima. Mtakatifu Petro, katika barua yake ya kwanza, sura ya tatu, anatutaka tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza sababu ya tumaini letu, na papo hapo anaongeza kwamba tufanye hivyo kwa upole na heshima. Anasema kumjibu anayeuliza. Tukiwa na lugha mbaya hakuna atakayetuuliza.

Tatu, ukikosea, omba radhi kwa sauti ile ile uliyokosea nayo. Kama ulituma kichekesho kibaya katika kundi la jumuiya, usifute kimya kimya, andika katika kundi hilo hilo kwamba ulikosea. Kama ulisema mbele ya watoto wako mezani, irudie meza hiyo hiyo. Watoto wanaokota maneno yetu kama kuku wanavyookota punje, na wanakwenda nayo shuleni wanakoketi dawati moja na Asha na Ramadhani. Na kama wewe ni padri, katekista au mwenyekiti wa jumuiya, ulisema altareni au msibani, basi panda tena mahali pale pale. Bwana wetu katika Mathayo sura ya tano anasema hata sadaka ikiwa tayari altareni, iache kwanza, nenda ukapatane. Hakusema ndugu yako wa dini moja tu.

Miaka kadhaa baadaye nilikutana na yule ndugu stendi ya Mbinga, nikiwa nasubiri gari. Ndevu zimeingia mvi. Alinitambua kabla sijamtambua. Akaniambia dada yake alimpigia simu siku ile nilipoomba radhi kanisani, akamsomea karibu neno kwa neno. Akaniuliza kama kaburi la mama lipo salama, maana mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Nikamwambia vijana wa kigango wanalitunza. Akatoa fedha kidogo, akasema, “Hii ya saruji, Padri. Msalaba wake usianguke.”

Mwislamu alinipa fedha ili msalaba wa mama yake usianguke. Nilipanda gari nikiwa sina neno la kusema.

Nawatakia Dominika njema.